Siku Niliyomvuta Shangazi

Kwanza vueni pete. Na saa, na hizo bangili za uzi mnazozivaa siku hizi, zote tieni mfukoni. Hivyo ndivyo ntakavyoanza Jumamosi mkija hapa kwa binti yangu, Madinat Sultan Qaboos, basi jizoezeni mapema, maana sitaki kupoteza asubuhi nzima kwa kumtafutia mtu pete mchangani. Nimepata ujumbe wenu kwenye kundi la simu: "Babu, tufunze kushika kamba." Nimekubali. Lakini kabla ya kamba kuna maneno, na maneno haya nnayasema nimekaa, mjukuu wangu Muna anayaandika kwa vidole gumba viwili, mbio hata sijui anaandika nnayosema au anayoyataka yeye. Mkiona kosa, ni lake.

Kwa wasionijua, kule Seeb, hapa hapa Oman, waliniita Abu Habl, baba wa kamba. Nimefuga ng'ombe miaka arubaini nyuma ya mashamba ya mitende. Asubuhi nikiuza maziwa, na Ijumaa baada ya alasiri nikishika kamba uwanjani. Mchezo wenyewe mnaujua, ingawa wengine wenu nnaona mnaujua kwenye simu tu. Mafahali wawili wa uzito mmoja hukabilishwa, wakasukumana kwa vichwa. Hapana upanga, hapana mtu wa kuwachokoza, na damu tukiiona tunasimamisha. Atakayekimbia au kuanguka ndiye kashindwa. Mara nyingi ni dakika chache, khalas, wanaletwa wengine. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini wahenga hawakupata kuja Seeb siku ya Ijumaa wakaambiwa wawaachanishe.

Maana hapo ndipo kazi ilipo. Wale wakishashikana, nani atawatenganisha? Sisi wavuta kamba. Kila fahali ana kamba shingoni na nyengine mguu wa mbele, na kila kamba ina bwana wake. Mwenye ng'ombe akishinda hupigwa mabega na kupewa hongera na bei ya ng'ombe wake ikapanda siku ile ile. Mvuta kamba hupewa chupa ya maji. Nami nimekunywa maji mengi ya ushindi, alhamdulillahi. Mafahali wa watu niliowashikia wameshinda hata sikumbuki idadi, na pwani yote ya Batina wakisema kamba ya shingo akiishika Mpemba, ng'ombe yuko salama. Ila fahali wangu mwenyewe, wa zizini kwangu, hakupata kushinda pambano kubwa la mwisho wa msimu. Mtu akikuulizeni kwa nini, msimsikilize babu yenu Masoud, ndugu yangu. Nisikilizeni mie.

Sisi ni watu wa Pemba. Baba yetu alishika kamba kwenye mchezo wa ng'ombe kule, zumari linalia, kinamama wanaimba, na vijana wanamchezesha ng'ombe kwa kitambaa kisha wanapanda minazi kama kwamba wametumwa nazi. Kamba ya kule ilikuwa ya makumbi, inakwaruza kiganja, na ng'ombe wenyewe wadogo. Baba alikuwa akiizungusha mkononi mara mbili ndipo akavuta, nasi wanawe tukaizungusha mara mbili. Hatukuuliza. Nilipoingia Oman nina miaka kumi na tisa, nilikuja na sanduku moja la nguo na mazungusho yale mawili.

Aliyenitoa ujinga ni Mzee Shambe, Mbalushi wa Seeb, mfupi, macho mekundu ya jua, na hasemi neno mpaka alitafune kwanza. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wavuta kamba wakati ule. Siku ya kwanza nimesimama na kamba yangu nimejizungushia, najiona mwanamme, akanitazama mkono. Akaenda kwenye gunia la chakula cha ng'ombe, akachukua karoti, nene hivi, akaizungushia kamba mara mbili vile vile nilivyofanya mie. Upande wa pili akaufunga kwa mtamba mmoja mpole kabisa, akampiga kofi la matakoni. Mtamba akaruka. Karoti ikawa vipande viwili, kimoja kikaenda juu na kurudi chini. Mzee Shambe akakiokota, akakifuta mchanga, akakila. Halafu akakigusa kidole changu, akaniambia kwa Kiarabu chake cha Kibalushi, "Cha kwako mie siwezi kukila."

Wallahi niliifungua kamba ile mkononi nikaitupa, na tangu siku ile sikuzungusha tena.

Basi sikilizeni jinsi ya kushika, na Muna, hapa andika sawasawa. Kamba ilale kwenye kiganja, si kwenye vidole. Kidole gumba kilale juu ya kamba kufuata urefu wake, kisiivuke kuja kukutana na wenziwe. Mkia wa kamba, ule unaobaki, uwe nyuma yako upande wa nje, wala usiukanyage. Mkanyaga mkia nimemuona akiburutwa uwanja mzima na dishdasha, kanzu yake ya Ijumaa, watu wanamuombea huku wanacheka. Simama kwenye bega la ng'ombe, usisimame nyuma. Na usitazame pembe. Kila mgeni hutazama pembe. Wewe tazama sikio. Fahali anayetaka kukimbia, sikio lake hulala kabla mguu haujageuka, na hapo una nafasi ya pumzi moja tu. Ukivuta, vuta kwa kiuno, mikono iwe inashikilia tu. Na kila mara, kila mara wanangu, shika kwa namna ambayo ukifungua vidole kamba inaondoka yenyewe.

Kamba mtaniuliza mnunue wapi. Mie nilinunua Hamriya, duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akiniuliza kila mara, "Ya mashua?" nami namwambia, "Ya ng'ombe," naye anacheka kama mara ya kwanza. Msiwe kama mie mwaka niliojifanya mjanja nikaenda Qantab kwa wavuvi kuomba kamba zao za zamani, eti ni laini. Kweli zilikuwa laini. Chumvi na jua vilikwisha kuzila ndani. Ilikatika katikati ya pambano, mie nikaangukia mgongo, na fahali wa watu akaingia kwenye kibanda cha muuza chai akanywa. Mzee Shambe alicheka mpaka akakaa chini. Rahisi ni ghali, walisema, nami chai ile ya kibanda kizima niliilipa.

Sasa tuje kwa Shangazi.

Alikuwa dume, msinicheke. Alizaliwa zizini kwangu, mwekundu, paji la uso jeupe. Nilimpa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alikuwa akikutazama hivi, kwa utulivu, mpaka unajikuta unajieleza. Umechelewa kuleta majani, anakutazama. Nikamwambia mke wangu Zuwena, huyu ni shangazi yangu mtupu, na jina likaganda. Miaka sita nilimlea. Nilimpa majani mabichi ya birsimu, tende, dagaa wakavu waliosagwa, na samli. Zuwena akisema, "Samli nzuri anakula ng'ombe, wanao wanakula ya kopo." Alikuwa na haki, lakini nilijifanya sisikii. Asubuhi na mapema nikimtembeza kwenye mchanga laini wa pwani ili shingo na mapaja yakaze. Nilimpenda ng'ombe yule. Nasema wazi, mimi mzee wa miaka sabini na kitu, nilimpenda.

Na kamba yake ya mguu aliishika ndugu yangu Masoud.

Masoud ni mdogo wangu, tumefuatana. Yeye ni mshona kofia, hizi hizi mnazovaa siku ya Idi mkajiona. Wakati ule alikuwa na kiduka Hamriya, na kofia ya Masoud watu waliingoja miezi mitatu. Vidole vyake vyembamba, havitulii, hata akila anakuwa kama anatafuta tundu la sindano. Nyumba yake nzima ilikula kwa vidole vile, na watoto watano walisoma kwa vidole vile. Lakini Ijumaa ikifika anafunga duka, anakuja Seeb, anataka kamba. Damu ya baba hiyo, utamwambia nini?

Ila Masoud hakupita kwa Mzee Shambe. Alijifunza kwa baba tu. Nilimwambia mara mia, "Masoud, usizungushe." Akisema, "Haya kaka." Nikimtazama anashika vizuri. Nikigeuza uso, kazungusha. Nikimgombeza anasema baba alizungusha maisha yake yote akafa na vidole kumi. Nikamwambia baba alikuwa akivuta ng'ombe wa Pemba, weye unavuta nyumba. Ndo kwanza anacheka. Masoud ana kichwa kigumu, na nnajua Muna atamsomea haya, basi msomee kwa sauti.

Pambano lenyewe lilikuwa la mwisho wa msimu. Aliyeshinda misimu miwili mfululizo alikuwa fahali wa Barka, mweusi, wakimwita Radi. Watu walijaa kuanzia uwanjani mpaka juu ya magari. Zuwena alibaki nyumbani anasoma duaa, ingawa alisema anapika. Miaka sita ya samli ilikuwa inasubiri pale, wanangu. Mie nimeshika kamba ya shingo, Masoud kamba ya mguu, upande wa pili wa ng'ombe, na Shangazi katikati anamtazama Radi kwa jicho lake lile.

Kuna sheria moja lazima muielewe, maana ndiyo iliyoniua. Fahali akivutwa na watu wake mwenyewe kabla mwamuzi hajasema, anahesabiwa kakimbia. Haijalishi alikuwa anashinda. Kavutwa, kashindwa.

Wakakutana. Sauti ya vichwa viwili ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno. Mwanzo Radi akasukuma, Shangazi akarudi hatua tatu, watu wa Barka wakapiga kelele. Mie nikamwambia taratibu, "Simama, shangazi yangu, simama." Akasimama. Akashusha kichwa, akaingia chini ya shingo ya Radi, akaanza kwenda. Hatua. Hatua nyengine. Seeb nzima ilikuwa inasema Allah, Allah. Nikatazama sikio la Radi, nikaliona linalala.

Yaani tumeshinda. Pumzi moja zaidi Radi atageuka akimbie, na Shangazi atamfukuza.

Na hapo nikamtazama Masoud, nimwambie kwa macho jitayarishe. Kamba ya mguu ilikuwa imezunguka kifundo cha mkono wake wa kulia mara mbili. Na yeye anacheka, jamani. Anacheka kwa furaha, anamtazama ng'ombe, na hajui.

Fikirini nilivyofikiri mie. Fahali anaposukuma, kamba ya mguu inalegea. Fahali anaposhinda, anamfukuza mwenziwe kwa nguvu zake zote, na kamba ile inakazika kwa mara moja. Tungeshinda, na ushindi wenyewe ndio ungeuchukua mkono ule. Nilimpigia kelele, "Masoud! Fungua! Fungua mkono!" Nani atasikia? Watu mamia wanapiga kelele. Hakunisikia, na ningemfikia vipi, ng'ombe wawili wako kati yetu.

Nikavuta.

Nilivuta kwa kiuno kama nilivyokwambieni, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikamgeuza Shangazi shingo. Hakuelewa maskini. Alinigeukia mie, na Radi, ambaye alikuwa keshakata tamaa, akauona ubavu uko wazi akaupiga. Shangazi akaenda magoti. Mwamuzi akanyoosha mkono upande wa Barka.

Watu wakaanza. "Mpemba kaogopa!" "Kamhurumia Radi!" Mmoja akasema nimenunuliwa, nami neno lile liliniingia mpaka mifupani. Mwenyewe Masoud alikuja mbio, uso umemgeuka, kamba keshaitupa, mikono miwili hewani.

"Umefanya nini? Kaka, umefanya nini?"

"Mkono wako," nikamwambia. "Ulikuwa umezungusha."

"Mkono wangu una nini?" Akaninyooshea usoni. Mzima, hata alama hauna. "Ningeiacha! Mie si mtoto, ningeiacha!"

Nikatazama huku na huku nipate shahidi. Kila mtu alikuwa akiwatazama ng'ombe. Nani angemtazama mshona kofia?

Shangazi hakucheza tena. Ng'ombe akivutwa na mtu wake wakati anashinda moyo wake unakatika, na kuuunga mie sikujua, na Mzee Shambe alikuwa keshafariki, nikakosa wa kumuuliza. Msimu uliofuata nilimpeleka uwanjani, akamtazama mwenziwe, akanitazama mie, akageuka kwenda kwenye gari. Nilimrudisha nyumbani. Watu walinishauri nimuuze kwa nyama nikakataa, akazeeka zizini, na mwisho Zuwena mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpa samli kwa mkono. Nililia siku aliyokufa, nikasema ni vumbi.

Na Masoud? Tumekula pamoja, tumezikana, tumeozana watoto, hatukununiana hata wiki moja. Lakini kila Idi, kahawa ikishazunguka na halua ikishaliwa, lazima aseme: "Mwaka ule tungeshinda." Anasema kwa mzaha, na watu wanacheka, na kila mtoto aliyezaliwa nyumba hii amekua anajua kwamba babu alivuta kamba kwa woga. Miaka ishirini na kitu. Nilijibu mwanzo. Halafu nikachoka. Utamuonesha vipi mtu jambo ambalo halikutokea? Angepoteza mkono, angeniamini. Kwa kuwa anao, haniamini.

Nisiwafiche, kuna siku nilishikwa na shaka mwenyewe. Nikajiuliza, labda kweli angeiacha. Labda niliogopa. Nikiamka alfajiri kuswali na jambo lile liko kifuani, naona sikio la Radi linalala.

Sasa mwezi uliopita, mtu mmoja wa Barka kahamisha mikanda yake ya kamera ya zamani na kuiweka kwenye simu, ikazunguka makundi yote mpaka ikafika kwenye letu. Ilikuwa Ijumaa, Masoud yuko hapa kwa chakula cha mchana. Muna akaitia kwenye televisheni. Picha mbovu, vumbi, lakini sote tupo. Mie nywele nyeusi. Shangazi, ya Rabbi, mwekundu vile vile. Mchukua picha alisimama nyuma ya Masoud.

Ilipofika pale, sote tukauona mkono wa Masoud. Ulikuwa karibu kuliko ng'ombe. Kamba mara mbili, kwenye kifundo, chini ya mfupa. Unaona hata ngozi ilivyobana. Kisha unaona kichwa changu kinamgeukia, mdomo wangu unafunguka, halafu navuta.

"Rudisha," Masoud akamwambia Muna.

Akairudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara tatu. Hakuna aliyegusa sahani. Mara ya tatu akasema, "Shangazi alikuwa anashinda."

"Alikuwa anashinda," nikasema.

"Hatua mbili tu."

"Hatua mbili."

Akasimama, akasema ana kazi, akaenda zake. Nitakuambieni kweli, nilikasirika. Nilikasirika kuliko siku ile ya uwanjani. Miaka yote ile nimebeba, ushahidi umekuja wenyewe mpaka sebuleni, na mtu anazungumzia hatua mbili! Binti yangu akaniambia, "Baba, kula," nikala.

Baada ya Magharibi simu ikalia. Alikuwa Asha, mke wa Masoud.

"Shemeji, mmemfanya nini mwenzangu leo? Tangu alasiri kakaa hapa ukumbini anautazama mkono wake. Anaufumba, anaufumbua."

Nikamwambia, mpe simu.

Akaipokea. Nilisikia anavyovuta pumzi, vile vile anavyovuta tangu utotoni akitaka kulia na hataki nimuone.

"Kaka," akasema.

"Naam."

"Nnao, kaka. Mkono wangu nnao."